Duara la Zambarau Nyuma ya Posho Mill

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema ili msomaji asinitarajie nivuke mto au nipande mlima katika kurasa hizi. Mwaka wa 2007 safari yangu ya kawaida ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kompyuta, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, ningeweza kuimaliza safari hiyo nikiwa nimefumba macho. Mara nyingi ndivyo nilivyofanya.

"Kijana, umeamka?" jirani yangu wa mlango wa pili aliniuliza kila asubuhi kupitia ukuta wa mbao uliotutenganisha.

"Nimeamka, fundi."

"Ukifa humo ndani sisi tutajuaje?"

"Mashine itanyamaza."

"Hiyo mashine yako hainyamazi hata ukilala. Tutangoja harufu basi."

Huyo alikuwa fundi wa nguo, mama wa makamo aliyeishi peke yake na cherehani ya kukanyaga. Aliiweka mlangoni ipate mwanga, na ilianza kulia kabla ya jogoo kumaliza yake. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa Nakuru, upande wa chini ya reli, nyuma ya posho mill, na vumbi la unga lilitua juu ya kila kitu: kamba za nguo, paka, kompyuta yangu. Fundi alishona sare za shule. Kila mteja alijibiwa kwa lugha aliyokuja nayo. Hata vifungo alivinunua mjini kwa Kigujarati, akapunguziwa bei. Kwao ni wapi, sikumbuki mtu yeyote akimwuliza kabla yangu. Ukimsikia akiongea ulidhani tu ni wa kwenu, ukapimwa kiuno, ukaenda zako.

Kazi yangu mimi ilitoka kwa mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, mzee wa jamii ya Kihindi ambaye sote tulimwita boss. Ukuta wa duka lake ulikuwa umejaa karatasi za watu: nyumba ya kupanga, ng'ombe wa maziwa, sofa imekaliwa kidogo. Siku moja alizibandua zote.

"Ukuta yangu si gazeti," akaniambia. "Wewe unajua mambo ya intaneti. Peleka hawa watu huko."

Mambo ya intaneti niliyoyajua ni yale ambayo mtu mwenye cheti cha kidato cha nne huyajua kwa kusoma na kuharibu, kisha kusoma tena. Nilipata mfumo wa bure wa kuendesha tovuti, ule ambao wenye ujuzi huuita CMS. Uzuri wake ni kwamba ukishauweka, mtu yeyote anajiandikisha, anaandika tangazo lake, anabonyeza, na linatokea, bila yeye kujua siri yoyote ya kompyuta. Ulikuja na Kiingereza chake. Nikautafsiri mwenyewe, kwa fahari ya mtu aliyepata A ya Kiswahili na hakuwahi kuulizwa tena juu yake.

Kwenye kujiandikisha niliweka nafasi nne: jina, simu, maelekezo, na nyumbani. Maelekezo yalikuwa ya lazima kwa sababu mji wetu hauendi kwa namba za nyumba. Mtu huandika kama alivyoniambia fundi siku nilipomjazia: "Nyuma ya posho mill, geti ya bluu, mlango wa pili, ukipotea uliza fundi wa sare." Hiyo ya nyumbani niliitaka kwa sababu matangazo yalikuwa yameanza kutoka Gilgil, Elburgon, hadi Salgaa kwa madereva wa malori, nami nilitaka kujua nani anakaa mji gani. Nikaandika neno hilo moja, "Nyumbani", nikaendelea na maisha.

Miezi ikapita, boss akachoka na ripoti zangu.

"Kila mwezi unaniambia watu wengi, watu wengi. Mimi nataka kuona. Hawa watu wengi wako wapi? Nikifungua duka nyingine, nifungue Gilgil ama Elburgon?"

Mfumo wenyewe haukuwa na picha. Ulikuwa na majedwali tu, moja la watu, jingine la matangazo, na kila mtu na namba yake ya kuyaunganisha. Kwa hiyo nikaamua kutengeneza ukurasa mdogo wa kando, ambao kazi yake ingekuwa kuyauliza majedwali, kisha kuchora duara moja kwa kila mtu juu ya ramani. Ramani niliichora kwa kalamu, nikaipitisha kwenye skana ya boss. Niliyasoma maelekezo ya watu, na kila mtaa nikautafutia mahali pake kwa kupima kutoka pembe ya picha, na mara ya kwanza nilichanganya juu na chini. Wakazi wote wa Nakuru wakatokea ziwani, katikati ya flamingo. Nikamwita fundi aje aone.

"Wote wamezama," akasema.

"Wote."

"Hata mimi?"

"Wewe uko pale kwenye kina kirefu."

"Nitoe basi, nina sare za watu."

Nilimtoa. Mitaa ikakaa mahali pake, nami nikafikia hatua niliyoiona tamu kuliko zote, ya rangi. Ili boss aione miji kwa haraka, niliiambia kompyuta ipake kila "nyumbani" rangi yake, ichague yenyewe. Nilitarajia rangi nne, tano zikizidi. Nikabonyeza, na ramani ikajaa rangi kama siku ya kufungua belo la mitumba.

Nilishtuka, nikaishuku programu. Nikaipitia mstari kwa mstari, na programu ilikuwa sawa. Nikafungua jedwali lenyewe. Kakamega. Nyeri. Bomet. Siaya. Kitui. Busia. Watu niliokutana nao kioskini wakinunua maziwa na sigara moja moja, eti nyumbani kwao ni mahali pa kupanda basi tangu asubuhi. Wa Gilgil walikuwa wachache, na Salgaa hapakuwa na mtu hata mmoja, ingawa matangazo ya huko nilikuwa nayaona kwa macho yangu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba lililokosea ni neno. Ukimwuliza mtu wa Nakuru anakaa wapi, atakuambia Shabab, Free Area, Section 58. Ukimwuliza nyumbani ni wapi, atakutajia mahali ambapo jeneza lake litapelekwa. Huenda hajafika huko tangu abatizwe, lakini ndiko. Mimi nilizaliwa Elburgon, kwenye kambi ya mashine ya mbao. Baba hakuwahi kuwa na shamba popote, na kwetu nyumbani palikuwa pale sufuria ilipokuwa jikoni. Ikihamishwa, nyumbani pamehama. Fomu niliiandika kama mtoto wa kambi, na watu wakaijaza kama watu wenye makaburi.

Nilimpelekea boss nikiwa tayari kukemewa. Akavaa miwani, akacheka.

"Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha duara la duka lake na mengine machache jirani yake, yote rangi moja. Hao ndio waliokuwa wameandika Nakuru.

"Ona sasa. Nakuru nzima, watu ya Nakuru ni Wahindi peke yake."

"Na wewe boss, kwenu si India?"

"India sijafika. Wewe umefika?"

"Mimi mwisho wangu Elburgon."

"Basi nyamaza. Nyinyi mnabeba maiti siku mzima kwa barabara. Sisi tunachomwa hapa hapa, tunamaliza."

Nilidhani ataniambia niondoe rangi. Badala yake aliniambia niuweke ukurasa kwenye tovuti kila mtu auone. Watu wanapenda kujiona, alisema, na kwa hilo hakukosea. Nilikuwa nimeongeza ufundi kidogo: ukipeleka mausi juu ya duara, kisanduku kinafunguka na jina, simu, tangazo, maelekezo, na nyumbani. Nilisikia watu wanaingia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kwa ajili hiyo tu, wanaitana, wanatafuta duara la shemeji. Mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba jirani yake amepewa duara kubwa kuliko lake. Yalikuwa sawa, lakini nilimwongezea kidogo ili tulale.

Fundi alipewa zambarau. Upande wetu wote wa reli, zambarau ilikuwa yake peke yake.

"Hii si rangi ya pazia la mazishi?" akauliza. "Nipatie nyekundu."

"Kompyuta ndiyo huchagua, fundi."

"Iambie mteja amekataa."

Huko nje kampeni zilikuwa zimepamba moto. Mimi sikwenda mkutano hata mmoja. Siasa ilinifikia kwa vipaza sauti vya magari yaliyopita barabarani, na kwa fundi, ambaye alishona bendera za kila chama kwa uzi ule ule.

Alasiri moja ya Desemba mlango wangu ukabishwa hodi kwa heshima, kidogo tu. Alikuwa mzee mfupi, sweta ya kijivu, kofia mkononi.

"Wewe ndiye kijana wa ramani?"

Sijui kama ninyi mmewahi kukaa ndani mwaka mzima mkifanya kitu ambacho hata aliyekuzaa haelewi, kisha mtu mgeni akaja hadi mlangoni kwenu kukiulizia. Nilimpa kiti, kilichokuwa kimoja, nikakaa kitandani. Nikafungua ukurasa. Nikamweleza majedwali. Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza majedwali.

"Tuone upande huu wetu," akasema.

Nikampa mausi. Akaipeleka taratibu, kisanduku kikafunguka, akasoma, akaenda kwa kingine. Nyuma ya ukuta cherehani ya fundi ilikuwa ikikimbia, inasimama, inakimbia. Akafika kwenye zambarau. Alisoma akichezesha midomo bila sauti. Halafu akasema:

"Kumbe."

Nikacheka kwa raha. Nilifikiri kisanduku ndicho kimemfurahisha. "Ndiyo mzee, kinajifungua chenyewe."

"Kumbe," akarudia, chini zaidi, na akageuka akautazama ukuta.

Alipogeuka tena alikuwa mpole kama alivyoingia. "Sasa kijana wangu, unaweza kuipanga? Hawa wa rangi hizi upande huu peke yao, hawa wengine peke yao. Kisha unitolee karatasi."

"Ya nini, mzee?"

"Ya kujua tu. Kujua ni vibaya?"

Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi. Cherehani ikasimama.

"Printa iko dukani kwa boss," nikasema. "Na mtandao umepotea."

Taa ya modemu ilikuwa ikimetameta mbele yetu sote wawili. Aliitazama kwa muda, akavaa kofia.

"Hakuna haraka. Hii ni kazi kubwa umefanya. Wazee walikuwa wanaumiza kichwa."

Alipotoka nilibaki mbele ya ramani ile ile niliyoitazama wiki nyingi, na sikuitambua. Macho yake yalikuwa yamebaki kwenye kioo. Nilikuwa nimechora mahali kila mtu anapolala, nikapaka rangi ya anakotoka, na chini yake nikaandika njia ya kufika hadi mlangoni, pamoja na namba ya simu ya kumwuliza kama yuko. Mkono uliofanya hivyo ulikuwa huu, na ulifanya huku nikipiga mluzi.

Nilikimbia hadi mjini. Waliokuwa ploti siku hiyo watawasimulia wajukuu.

"Nyumba inaungua?" fundi aliniuliza nikimpita. 

Boss alikuwa anampimia mteja waya. Nilimweleza nikihema, nikafungua ukurasa kwenye kompyuta ya duka, nikamwonyesha zambarau. Hakucheka. Alikaa akiangalia mpaka mteja akaweka waya chini akaondoka.

"Ndugu ya baba yangu alikuwa Kampala, kabla Wahindi wafukuzwe," akasema. "Ilianza hivi tu. Kuhesabu. Kujua." Kisha: "Futa."

"Sasa hivi?"

"Bado unaongea?"

Niliufuta ukurasa. Nikaingia kwenye jedwali la watu nikaing'oa ile nafasi ya nyumbani, yote, na kila kilichokuwa kimeandikwa ndani yake. Mfumo ukaniuliza kwa Kiswahili changu mwenyewe: "Je, una hakika?" Nikabonyeza ndiyo. Hapo ndipo nilipoitazama kwa jicho jingine hesabu ambayo mfumo huweka wenyewe, ya kila ukurasa umefunguliwa mara ngapi. Ramani yangu ilikuwa imefunguliwa kuliko tangazo lolote tulilowahi kuweka, kuliko yote yakijumlishwa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiiona namba hiyo ikipanda na nikidhani napendwa.

"Nani hawa wote?" boss akauliza.

"Sijui."

Kujiandikisha kulihitaji jina. Kutazama hakukuhitaji kitu.

Nikarudi nikamkuta fundi na pini mdomoni.

"Fundi, uende mahali kwa muda. Mpaka uchaguzi upite."

Alizitoa pini moja moja. "Niende wapi Desemba hii? Shule zinafunguliwa Januari. Unaona hiyo rundo? Hizo ni za watu wamelipa nusu."

Nikamweleza habari ya ramani, ya rangi, ya mzee.

"Mzee gani?"

"Simjui. Wa kofia."

"Wazee wote wa Nakuru wana kofia."

"Fundi, sitanii."

"Mimi najua unataka nini," akasema. "Unataka niende ndio ulale mpaka saa nne. Toka nje uote jua, kijana. Hiyo mashine imekupika kichwa."

Yaliyofuata baada ya uchaguzi wengi wanayajua na wachache wanapenda kuyasimulia, nami si mmoja wao. Moshi uliinuka mitaa ya mbali, kisha ya karibu. Posho mill ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nguo zikakauka kwenye kamba bila unga. Shule hazikufunguliwa siku zilipotakiwa kufunguliwa. Fundi aliendelea kushona. Nilimsikia kupitia ukuta, akikimbiza mashine, akisimama, akisikiliza, akiikimbiza tena. Wateja hawakuja kuchukua. Kila siku nilimwambia aende, na kila siku alinijibu kwa mzaha mpya, mpaka nikaona amemaliza mizaha na ananijibu kwa ile ya zamani.

Kisha siku moja katikati ya Januari aliingia chumbani kwangu bila hodi, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti.

"Ile ramani bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nakala ilibaki kwenye kompyuta yangu, haikuunganishwa na kitu chochote. "Nimeitoa kwa mtandao, fundi. Hakuna mtu anaiona."

"Mimi nataka kuiona."

Niliifungua. Hakugusa mausi. Aliinama akautafuta upande wetu mwenyewe, kwa kidole, bila kukigusisha kwenye kioo.

"Huyu wa kijani ni kinyozi?"

"Ndiyo."

"Alienda juzi. Na huyu wa rangi ya udongo?"

"Mama wa mayai."

"Huyo pia alienda. Hakuniaga." Kidole kikabaki hewani juu ya zambarau, na ukiwaondoa hao wawili, kuizunguka pande zote, mtaa baada ya mtaa hadi kwenye reli, rangi moja tu, iliyotulia, kama kitambaa kilichokatwa kwa jora moja.

 

"Sikujua ninaonekana hivi," akasema.

Akainuka, akajipangusa unga usiokuwepo. Mlangoni aligeuka: "Na rangi yenyewe nilikuambia ni mbaya."

Asubuhi yake alipata nafasi kwenye lori la mbao lililokuwa likishuka Gilgil, ambako alikuwa na shoga yake karibu na kambi ya jeshi. Alipanda na gunia la sare ambazo hazijatiwa vifungo. Cherehani tuliihamishia chumbani kwangu, tukaibana kati ya kitanda na ukuta.

"Usiiguse," akaniambia kutoka juu ya mbao. "Utajishona vidole."

Walikuja mwisho wa mwezi huo, mchana, jua likiwaka. Vijana, wengi wao wa umri wangu, na vitu vya mikononi ambavyo havikuwa vya kazi ya shamba siku hiyo. Nilisikia geti ya bluu ikisukumwa. Niliwasikia wakiupita mlango wa kwanza bila kuuliza kitu, wakasimama kwenye wa pili. Kufuli halikuchukua muda. Halafu nikasikia, kupitia zile mbao nilizozoea kusikia matusi ya fundi kwa uzi uliokatika, kimya cha watu wengi ndani ya chumba kitupu.

Wakaja kwangu, mlango wa tatu. Nilifungua, kwa sababu sikujua mtu hufanyaje ili asifungue.

"Fundi ako wapi?"

"Alienda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Hakuniambia."

Aliyeuliza alinisogelea. Mwenzake aliyekuwa nyuma akachungulia juu ya bega langu, akaona meza.

"Wacha huyo," akasema. "Huyo ndiye wa kompyuta."

Wakanitazama upya, wote, na nyuso zao zikalegea. Mmoja alinipa mkono. Nilimpa wangu kabla sijajua nimempa.

"Asante, boss," akaniambia, wakaondoka.

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mkono niliouosha mara nyingi siku hiyo ulikuwa msafi tangu mwanzo, hilo nalijua. Kilichoniingia siku zilizofuata kilikuwa hoja, nami niliishikilia kama mtu anayeshikilia kamba ya kisima. Kila mtu alijua fundi anakaa wapi. Mlango wake ulikuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni na cherehani inalia. Nusu ya watoto wa upande ule walivaa mishono yake. Nani angehitaji ramani kuufikia mlango huo? Nilijiambia hivyo nikila, nikioga. Ikakaribia kuwa kweli.

Wakubwa wa siasa walipopatana na barabara zikatulia, fundi alirudi na pikapu ya kukodi kuchukua cherehani. Hakuwa anarudi kukaa. Gilgil kulikuwa na watoto wengi wasio na sare, alisema, na askari wanaopasua suruali kila wiki.

"Umenenepa," akaniambia. "Vita vyote hivi na wewe umenenepa."

"Ni kukaa ndani."

Nilimsimulia jinsi walivyokuja. Nilimsimulia yote, hadi ule mkono, kisha nikampa na hoja yangu, kwamba mlango wake haukuwa siri, kwamba hata bila mimi wangefika. Alisikiliza akizungusha gurudumu la cherehani kuona kama limeshika kutu.

"Huyo mzee wa Desemba," akauliza. "Hukuniambia alikuwa aje."

"Mfupi. Sweta ya kijivu. Sauti ya chini."

"Akiingia anavua kofia."

"Ndiyo."

Gurudumu likasimama. "Huyo nimemshonea watoto wake wote, kutoka nasari. Mwaka juzi nikamshonea suti ya harusi ya binti yake. Nilikula hiyo harusi, nikaketishwa na wamama wa familia."

Nafuu iliyonijia ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilitabasamu. "Si unaona? Basi mlango alikuwa anaujua siku zote."

"Mlango, ndiyo," fundi akasema.

 Dereva wa pikapu alipiga honi nje, mara moja, bila hasira.

"Tumeongea kwa lugha yake miaka hiyo yote," akasema. "Mbele ya watu alikuwa ananiita dada yake. Mimi sikumwambia ndiyo wala hapana, mtu akikuita dada utakataa? Kwetu sijawahi kumwambia mtu hapa. Siku ile ya fomu tu uliniuliza, ukaandika."

Nilisikia tena ile "Kumbe" ya mzee, chini, karibu na sikio langu, na wakati huu niliielewa ilikuwa inasema nini. Sikuweza kumtazama. Nilitazama kidole chake kikipangusa vumbi juu ya meza ya cherehani, kwa mstari ulionyooka, kama anayeweka alama ya kukata.

"Fundi," nikaanza.

"Shika huo mguu," akasema. "Si kwa gurudumu, itakukata. Hapo chini."

Nikashika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Tukaitoa mlangoni, yeye akienda kinyumenyume, mimi nikimfuata, hadi kwenye geti.

"Inua upande wako," akaniambia. "Unaburuta."

Nikainua.